Zenaide na Bomba la Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na saba Zenaide Custódio alipanda ukuta wa bwawa la Grota kila asubuhi ya kazi, gurudumu la waya likiwa begani, na kwa miaka yote hiyo mama yake hakuelewa hasa binti yake alikuwa anakwenda kufanya nini kule juu.

"Unapima maji," Dona Etelvina alikuwa akimwambia wakinywa kahawa. "Bwawa zima ni tope. Hayo maji unayoyapima yako wapi?"

"Ndani ya ukuta, Mama."

"Kwani ukuta una maji?"

"Ukuta wowote wa udongo una maji. Mimi nalipwa nijue yamefika wapi."

"Basi wewe unalipwa kuchungulia," mama akahitimisha, na kumsukumia sahani ya mikate midogo ya jibini.

Mama hakuwa mbali sana na ukweli. Nyuma ya ukuta ule lilikaa tope lililobaki baada ya mgodi kuosha chuma chake, tope la miaka thelathini. Ukuta wenyewe ulikuwa umeongezwa kimo ngazi kwa ngazi, kila ngazi mpya ikiwekwa juu ya tope la zamani. Ndani yake yalikuwa yamechimbiwa mabomba membamba thelathini na moja. Zenaide alifungua kifuniko cha bomba, akateremsha waya polepole, na ncha yake ilipogusa maji gurudumu lililia pii. Akasoma mita, akaandika, akaenda bomba la pili. Wengi waliopewa kazi ile waliikimbia ndani ya mwezi. Yeye aliipenda. Aliyajua mabomba yale kama mtu anavyowajua majirani: la tatu halikuwahi kuwa na tone, la ishirini na mbili lilipanda mvua inapoanza na kushuka mwezi Juni, la tisa lilikuwa na kifuniko kigumu kilichomchubua vidole.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, hana mume tena wala hakumtafuta mwingine, na aliishi na mama yake Vargem Funda, kijiji kilicholala kilomita moja na nusu chini ya ukuta huohuo. Hilo peke yake lilimfanya asome namba zake mara mbili. Kwenye mabonde mengine ya jimbo lao la Minas, Brazili, mabwawa ya namna ile yalikwisha kupasuka na kuzika watu, na hapakuwa na mtu kijijini ambaye hakumjua mtu aliyefiwa.

Ndiyo maana shule ilijaa siku kampuni ilipokuja kusoma daraja la usalama la bwawa. Afisa mmoja alisimama na karatasi, akasoma, "Hatari: ndogo. Madhara yanayoweza kutokea: makubwa." Watu walisikia neno la kwanza wakapiga makofi.

"Ndogo! Mmesikia?" akasema Seu Norival, mwenye baa, mtu mnene wa sauti ya kuitia ng'ombe. "Basi mimi kesho naongeza baraza. Meza sita!"

Zenaide hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni, lakini siku ile alisimama.

"Seu Norival, yale ni maswali mawili, si moja. Mbwa wako amewahi kumng'ata mtu?"

"Hajawahi! Mpole kuliko mimi."

"Hiyo ndiyo hatari ndogo. Na meno yake umeyaona?"

"Ya kumvunja fahali mguu."

"Hayo ndiyo madhara makubwa. Swali la kwanza linautazama ukuta: ulijengwaje, unavuja, una nyufa, unatunzwa? La pili haliutazami ukuta hata kidogo. Linatazama chini yake kuna nani. Na chini yake tupo sisi, watu mia mbili na kumi na wawili. Ukuta uwe mzima namna gani, hilo la pili halishuki tukiwa hapa. Lile la kwanza ndilo linaloweza kugeuka, tena ndani ya wiki moja."

Kisha Seu Norival akajikuna kidevu. "Kwa hiyo nimekuja kusikia habari za bwawa, narudi nyumbani na kesi ya mbwa." Watu wakacheka, wakatawanyika.

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema. Kufikia katikati ya Februari mabomba yote yalikuwa yameanza kushuka, isipokuwa moja. Bomba la kumi na nne, lililosimama katikati ya ukuta kwenye ngazi ya pili, lilipanda sentimita nane. Juma lililofuata likapanda arobaini. Zenaide alifuta ncha ya waya kwa pindo la shati akapima tena. Gurudumu likalia palepale. Ilipotimia siku ya ishirini na mbili tangu lianze kupanda, maji ndani ya bomba lile yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili, na anga lilikuwa jeupe bila wingu.

Akashuka hadi mguuni mwa ukuta, ambako mfereji wa ndani ulitoa maji yake. Pale palikuwa na kizingiti cha bati chenye pengo, na pembeni yake rula. Maji yaliyokuwa yakipita yalikuwa nusu ya yale ya Desemba. Akachuchumaa akiyatazama. Ukuta ulikuwa unapokea maji yaleyale ya siku zote, na unatoa nusu. Nusu nyingine ilikuwa inabaki ndani.

Alhamisi alimwendea Injinia Heitor. Kijana huyu wa miaka thelathini na moja alikuwa amefika mgodini miezi minane tu kabla, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku za matope. Mwisho wa Machi wataalamu walipaswa kutia saini cheti kinachosema ukuta ni imara na kukipeleka serikalini. Bila cheti kile mgodi ungefungwa, na simu kutoka makao makuu zilikuwa zinamlilia tangu asubuhi.

"Hilo bomba limeziba, Dona Zenaide," alisema bila kuinua macho. "Au maji ya juu yanaingilia kwenye kifuniko. Andika 'bovu.' Mwezi wa nne tutaweka jingine."

"Likiwa bovu nitaandika bovu. Niache nilijaribu kwanza."

"Jaribu utakavyo. Ila hiyo namba usiiingize kwenye ripoti bado."

Zenaide alibeba ndoo mbili za maji hadi ngazi ya pili, jua la saa sita likimchoma shingo. Akamimina maji ndani ya bomba, akaangalia saa, akateremsha waya. Bomba lililoziba hushika maji unayolimwagia, yakakaa humo kama kwenye chupa. Hili halikuyashika. Maji yalipanda karibu na mdomo, kisha yakaanza kushuka, pole pole, na baada ya dakika arobaini yakasimama palepale yalipokuwa mwanzo, hata ukucha haukuzidi. Akamimina ndoo ya pili. Ikawa vilevile.

Bomba lilikuwa zima. Akakaa juu ya ndoo tupu akitazama paa za Vargem Funda chini, moshi wa jiko la mama yake ukiwa miongoni mwa mioshi mingine, akajikuta anaomba Mungu bomba lile liwe bovu.

Ijumaa alifika kazini kabla ya wenzake. Alikwenda moja kwa moja mferejini, akakinga maji kwenye chupa ya kioo iliyowahi kutiwa jamu ya mapera, akaipeleka ofisini na kuiweka juu ya meza ya Injinia Heitor, katikati ya makaratasi.

"Jana ulisema bomba limeziba. Nimelimwagia maji mara mbili, limeyanywa mara mbili, limerudi palepale. Bomba ni zima, Injinia. Kilichoziba kiko chini yake."

"Na hii?"

"Maji ya mferejini, ya leo. Miaka kumi na saba yamekuwa yakitoka meupe kama ya chemchemi. Ngoja yatulie uone."

Wakangoja. Chini ya chupa likaanza kukaa vumbi jekundu, laini mno, likaongezeka hadi likawa na unene wa ukucha.

"Huo ni ukuta wenyewe," Zenaide alisema. "Unatoka kidogo kidogo."

Heitor aliichukua ile chupa akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nikipiga simu hii, mgodi unasimama leo. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Mshahara wangu unatoka mgodini humuhumu."

"Na kama umekosea?"

"Nitafurahi kuliko mtu yeyote. Mama yangu anaishi pale chini."

Yule kijana akaweka chupa mezani taratibu. "Unajua, tangu jana nimekuwa namtafuta mtu wa kuniambia kwamba ni bomba tu." Akavuta simu. Zenaide alimsikia akisema jina la bwawa, akataja bomba la kumi na nne, akasoma namba alizoandika yeye kwa mkono wake, kisha akasema maneno ambayo kila mfanyakazi wa pale alikuwa ameyasoma kwenye mafunzo bila kutegemea kuyasikia: dharura, kiwango cha pili, watu waondoke. Akashika mgongo wa kiti. Kwa siku ishirini na mbili namba ile alikuwa ameibeba peke yake, na sasa mtu mwingine alikuwa ameipokea.

King'ora kililia saa nne kasoro dakika kumi. Kilijaa bondeni kote, kikagonga milima na kurudi.

Zenaide alimpigia mama yake. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, na tena. Akachukua funguo za gari la kazi zilizokuwa zimening'inizwa ukutani.

"Dona Zenaide! Hairuhusiwi mtu kushuka!" Heitor akamfuata hadi mlangoni.

"Niandikie kosa," alijibu, akaondoka.

Alipita barabara ya mgongo wa kilima, akaliacha gari juu na kukimbia kwa miguu kupitia migomba hadi uani kwao. Mlango ulikuwa wazi. Sufuria ya maharage ilikuwa imetolewa motoni na kufunikwa. Juu ya meza simu ya mama yake ilionyesha jina la Zenaide, simu tatu zisizopokelewa. "Mama!" Akatazama chumbani, chooni, kwenye banda la kuku. "Mama!" Hakuna. King'ora kilimziba masikio. Akapanda njia ya kilima cha makaburi, mahali kijiji kilipofundishwa kukimbilia, akiwa hapumui sawasawa, na akilini mwake akiwa ameshamwona mama yake ameanguka sehemu kumi tofauti.

Dona Etelvina alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kaburi la mumewe, mkoba mapajani, kuku mmoja amefungwa ndani ya aproni, kichwa nje.

"Umetoka wapi wewe?" akauliza kwa ukali.

"Nyumbani! Nilikwenda kukutafuta!"

"King'ora kinalia na wewe unashuka? Miaka yote hii unatuhubiria tupande, tupande, mwenyewe unashuka? Umerogwa?"

Zenaide alicheka na kulia kwa pamoja, akapiga magoti kwenye nyasi na kulaza kichwa mapajani mwa mama yake, kuku akimdonoa sikio. "Nibariki, Mama."

"Mungu akubariki. Na akuongezee akili."

Karibu nao Seu Norival alikuwa amekumbatia sanamu ya Mama Maria wa Rozari, ameitoa kanisani mwenyewe, jasho likimtiririka. Watu wakaanza kuhesabiana, nyumba kwa nyumba. Waliokuwa kazini mjini wakapigiwa simu. Ilipofika adhuhuri, mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamepatikana wote, hakuna hata mmoja aliyepungua, na jina la mwisho lilipoitikiwa watu walikumbatiana juu ya makaburi ya wazee wao kana kwamba ni mwaka mpya.

Ukuta haukuanguka. Haukuanguka siku ile, wala juma lile, wala mwezi ule. Hapo ndipo shida nyingine ilipoanza.

Walipangiwa nyumba mjini, vyumba vyembamba vyenye madirisha yanayotazama madirisha. Ng'ombe walihamishiwa mashamba ya watu. Mgodi ulisimama, na vijana wa kijiji wakakaa vibarazani. Daraja la hatari likapandishwa kutoka ndogo hadi kubwa, na karatasi ilipobandikwa kwenye ukuta wa kanisa la mjini, watu waliisoma kisha wakamtazama Zenaide.

"Huyo hapo," Seu Norival alisema kwa sauti siku moja sokoni, akiwa ameshika fungu la sukuma wiki, maana baa yake ilikuwa imefungwa na yeye sasa alitumwa na mkewe. "Mtu ametuhamisha kijiji kizima kwa ndoo mbili za maji. Dona Zenaide, lile bwawa lako linaanguka lini? Tukuletee kiti ukalisubiri?"

Watu wakacheka. Zenaide alilipia nyanya zake akaondoka. Nyumbani alikaa mezani bila kuvua viatu.

"Mama, mimi naomba kitu cha ajabu. Naomba lisianguke kamwe. Na lisipoanguka, watasema niliwadanganya."

Dona Etelvina alikuwa anasonga uji mzito wa mahindi. Hakugeuka. "Kwa hiyo unataka mia mbili na kumi na wawili wafe ili Norival akuombe radhi?"

"Hapana!"

"Basi acha aongee. Anaongea, maana yake yu hai. Nipe chumvi."

Yalikuwa maneno makavu, lakini yalimtuliza Zenaide kuliko dawa. Tangu siku ile alipomsikia mtu akimsema barabarani alijiambia moyoni, yu hai huyo, na akapita.

Mwezi wa Julai wataalamu wa kutoka nje ya kampuni walimaliza kutoboa ukuta. Watu waliitwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya mjini. Aliyesimama mbele alikuwa mama mfupi mwenye mvi, mhandisi aliyeitwa Lourença, mwenye buti zilizojaa udongo mkavu. Hakuleta maneno mengi. Alileta kipande cha bomba la mfereji wa ndani, kimekatwa katikati, akakipitisha mkono kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya machungwa, kigumu kama kutu, kimejaa hadi kubakiza tundu la kupita kidole kimoja.

"Hii ni kutu ya chuma iliyojijenga miaka mingi," alisema. "Maji yalikosa njia, yakaanza kupanda ndani na kutafuta njia nyingine kupitia udongo. Ukuta ulikuwa umeanza kuliwa kwa ndani. Mkiniuliza kama ungeanguka Machi ile, nitawaambia sijui. Mkiniuliza kama ungeweza kuvuka msimu wa mvua unaokuja ukiwa hivyo, nitawaambia nisingemruhusu mwanangu alale chini yake."

"Na sasa?" sauti ikauliza nyuma.

"Sasa tumejua ugonjwa, na dawa yake ipo. Tumechimba visima vya kupunguza maji, tunapitisha mifereji mipya, na tunarundika mawe mguuni mwa ukuta kuushikilia. Bomba la kumi na nne limeshashuka mita moja na nusu."

Kipande kile kilifika kwa Seu Norival. Alikitazama. Akaingiza kidole chake kinene kwenye lile tundu, hakikupita. Akakaa nacho hadi jirani yake akamgusa bega. Kisha akasimama, akavuka ukumbi mzima huku watu wakimtazama, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na Zenaide.

"Kidole hakipiti," alisema hatimaye.

"Nimeona."

"Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Mei, Dona Zenaide." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mdomo wangu huu, bora ningeufungia ndani ya baa."

"Ungekosa hewa," Zenaide alisema, na wote wawili wakacheka hadi Lourença akanyamaza kuwasubiri.

Ilichukua miaka miwili na miezi miwili kabla ya dharura kuondolewa. Hatari ilishuka kutoka kubwa hadi ya wastani, kisha ndogo, na safari hii hakuna aliyepiga makofi kabla ya kuuliza maswali. Waliuliza saa nzima. Mabomba yanasomwa na nani? Mfereji unaangaliwa kila siku? Mashine mpya zinazolitoa tope zikiendeshwa kwa mbali, bila dereva ndani yake, zitalimaliza lini? Miaka saba, wakaambiwa, labda minane, mpaka ukuta wenyewe uondolewe kabisa. Heitor, ambaye mashati yake sasa yalikuwa na madoa kama ya watu wote, alijibu moja moja, na alipokwama alisema amekwama.

Si wote waliorudi. Familia tisa zilibaki mjini, na hakuna aliyezilaumu. Wengine walirudi mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya sikukuu ya Rozari, wakakuta nyumba zimeota ukungu na nyoka mmoja ndani ya tanuri la Dona Etelvina. Siku tatu walifagia, wakapaka chokaa, wakatoa magodoro juani. Ngoma za sikukuu zilitolewa maghalani, ngozi zake zimelegea, zikaanikwa karibu na moto zikaze. Jumapili zililia tangu asubuhi, na wazee waliokuwa wamekaa mjini kama wagonjwa walicheza barabarani kwa riboni zao mpaka vumbi likawafunika.

Zenaide alifuata maandamano hadi kanisani, akala maharage na nyama ya nguruwe kwenye sahani ya kila aliyemwita, akarudi nyumbani miguu ikimwuma. Kesho yake saa moja alitakiwa kuwafundisha wasichana wawili wapya kusoma mabomba. Akavua viatu. Ilikuwa saa tisa mchana. Akafungua dirisha la chumba chake, lile linaloutazama ukuta, akajilaza juu ya shuka kwa nia ya kupumzika kidogo tu.

Dona Etelvina alipokuja kumwita wale keki ya mahindi, alimkuta amelala fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia hadi sakafuni. Alikumbuka kwamba binti yake hakuwa amelala mchana tangu utoto. Akaurudishia mlango, akawaambia wageni waliokuwa sebuleni washushe sauti.